Ufundi Uliojificha Chini ya Manyoya ya Waazteki

Ukilichambua vazi la manyoya la Waazteki tabaka kwa tabaka, utagundua kwamba sehemu kubwa ya kazi haikukusudiwa kuonekana. Rangi inayovuta macho ni tabaka jembamba la juu tu. Chini yake kuna manyoya ya kawaida, pamba, gundi, karatasi na mafundo ya uzi, na huko ndiko fundi alikotumia akili yake yote.

Mafundi hao waliitwa amanteka, watu wa mtaa wa Amantlan, jirani na wafanyabiashara wa masafa marefu waliowaletea mali. Tunazifahamu mbinu zao kwa sababu mtawa Mfransisko Bernardino de Sahagún na wasaidizi wake wenyeji waliziandika kwa Kinahuatl, pamoja na picha za mafundi kazini, katika kitabu cha 9 cha maandiko yanayoitwa leo Kodeksi ya Florence.

Manyoya bora yalitoka mbali. Ketsali, ndege mwenye mkia mrefu wa kijani, huishi katika misitu ya milimani ya kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati. Kotinga wa buluu na domomwiko wa waridi walitoka nyanda za joto. Majimbo yaliyotawaliwa, kama Soconusco, yalilipa manyoya kama kodi, na ndege wengine walifugwa katika jumba la ndege la Moctezuma, mfalme wa Waazteki. Hata hivyo unyoya mrefu wa ketsali ulibaki kuwa adimu, kwa kuwa dume mmoja huwa na machache tu. Uhaba huo ndio uliofanya kila hatua ya kazi ipangwe kwa uangalifu mkubwa.

Tuanze na mbinu ya kubandika, iliyotumika kwa ngao na picha. Mchoraji alichora kwanza ramani ya kazi. Fundi akapaka gundi juu ya jani pana la agave, mmea wa jamii moja na mkonge, kisha akatandaza pamba iliyochambuliwa hadi ikawa nyembamba kama utando wa buibui. Ilipokauka juani aliibandua. Sasa alikuwa na karatasi ya pamba inayopitisha mwanga, hivyo aliilaza juu ya mchoro na kuunakili. Kisha aliiimarisha kwa karatasi ya magome ya mti na kukata maumbo yake kwa kisu cha shaba.

Baada ya hapo ndipo manyoya yalipoanza kupangwa, na ya kwanza hayakuwa ya thamani. Fundi alitandika manyoya ya kawaida, mara nyingi yaliyotiwa rangi, yakiwa kitanda cha yale ya juu. Kitanda hicho kilikuwa na faida mbili. Kwanza, kiliziba mianya, kwa hiyo manyoya adimu machache yaliweza kufunika eneo kubwa. Pili, kiliyapa nguvu ya rangi, kwa maana unyoya mwembamba hupitisha rangi ya kilicho chini yake. Ndiyo sababu fundi alichagua kitanda kwa kukilinganisha na unyoya utakaokaa juu. Mwishowe alibandika manyoya ya thamani moja baada ya jingine, akiyalaza kwa kisu cha mfupa.

Gundi yenyewe ilitokana na mizizi minene ya okidi, na kuitayarisha ilikuwa kazi ya watoto wa mafundi. Wanawake walishughulikia utiaji wa rangi. Karakana ya amanteka ilikuwa nyumba nzima, na elimu ilirithiwa kwa mikono.

Mbinu ya pili ni ya kufunga. Mapambo ya kichwa, vipepeo vya mkononi na nembo ambazo wapiganaji walizibeba mgongoni havikubandikwa. Shina la kila unyoya lilifungwa kwa uzi wa agave, kisha safu za manyoya zikashonwa kwenye kiunzi. Sababu yake imo katika rangi ya ketsali. Kijani chake kinachometa hakitokani na rangi ya kawaida, bali na miundo midogo mno ndani ya unyoya inayocheza na mwanga. Pembe ya mwanga ikibadilika, kijani huelekea buluu au dhahabu. Unyoya uliofungwa shina tu hutikisika mvaaji anapocheza au anapotembea, na kila mtikisiko hubadilisha rangi. Ukibandikwa wote, uhai huo hupotea.

Mfano mkubwa uliobaki ni pambo la kichwa lililopo katika jumba la makumbusho la Weltmuseum, Vienna. Lina urefu wa sentimita 116 na upana wa sentimita 175. Mamia ya manyoya ya ketsali yamefungwa kwenye wavu wa nyuzi ulioimarishwa kwa vijiti, na mbele yake kuna mikanda ya buluu ya kotinga, waridi ya domomwiko na vipande vidogo vya dhahabu. Lilitajwa katika orodha ya mali ya kasri la Ambras mwaka 1596. Lilipokarabatiwa mwaka 1878, baadhi ya mapengo ya buluu yalizibwa kwa manyoya ya mdiria. Wataalamu wa Meksiko na Austria walilichunguza pamoja kuanzia mwaka 2010, na wakaonya kwamba mtikisiko wa safari ungeliharibu. Uhuru wa kutikisika ambao fundi aliupa kila unyoya kwa ajili ya ngoma ndio unaolihatarisha likiwa ndani ya ndege au lori.

Ushindi wa Wahispania wa mwaka 1521 haukuufuta ufundi huu. Mwaka 1539 mafundi wa Mexico City walitengeneza picha ya manyoya ya Misa ya Mtakatifu Gregori, iliyokusudiwa kwa Papa Paulo wa Tatu. Leo ipo Auch, Ufaransa. Mada ilikuwa ya Kikristo, lakini mkono ulikuwa wa amanteka.

Pambo la Vienna huitwa kwa mazoea taji la Moctezuma, ingawa hakuna ushahidi kwamba aliwahi kulivaa. Ushahidi tulio nao ni wavu, vijiti na mafundo. Naamini kila makumbusho yenye kazi kama hii yanapaswa kuwaonyesha watazamaji upande wa nyuma, walau kwa picha kubwa, na kuandika jina la Amantlan kabla ya jina la mfalme yeyote. Ubingwa wa watu hao umeandikwa huko nyuma, na ni haki yao usomwe.