Depo ya Jangwani iliivunja ratiba kabla haijaandikwa

Wanaowalaumu madereva na wakata tiketi kwa foleni ya abiria kituoni Kimara wanampiga asiyehusika. Ratiba ya mwendokasi, mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, ilivunjika siku ilipoamuliwa kwamba mabasi ya awamu ya kwanza yalale Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Nimelisema hili tangu huduma ilipoanza Mei 2016, na nalisema tena, kwa sababu kila masika tunatafuta mchawi mwingine.

Ratiba ya basi huanzia pale linapolala. Mzunguko mnaujua: basi likichukua dakika 90 kutoka Kimara hadi Kivukoni na kurudi, ukitaka lipite moja kila dakika 3 unahitaji mabasi 30 barabarani, mbali na ya akiba. Hesabu hiyo inasimama endapo tu basi la kwanza litakuwa tayari pale alipo abiria wa kwanza. Alfajiri abiria yuko Kimara. Depo iko bondeni, zaidi ya kilomita 10 kuelekea mjini. Kwa hiyo saa 11 alfajiri mabasi yanapanda Barabara ya Morogoro taa za ndani zikiwaka na viti vyote vitupu, wakati huo huo watu wamekwisha kubanana getini Kimara. Mafuta yameungua, dereva amekula sehemu ya zamu yake, na hakuna tiketi hata moja iliyokatwa. Basi moja likikwama dakika 10 kwenye geti la Jangwani, pengo lake Kimara halina wa kuliziba, maana na la akiba limelala huko huko.

Watetezi wa Jangwani wana hoja moja ya haki. Asubuhi ikishapita, mabasi ya ziada yanahitaji pa kupumzika karibu na Kivukoni na Gerezani, na Jangwani ni jirani. Sawa. Kwa kazi hiyo ingetosha yadi ya kuegesha mchana. Haikulazimu kurundika hapo karakana, mafuta, vipuri na usingizi wa mfumo mzima.

Halafu kuna mto. Desemba 2011 Msimbazi ulifurika, watu wakafa, na wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande kwa kuwa eneo lile halikuwa salama. Pale ambapo mtu alikatazwa kulala, tukalaza mabasi. Masika ya 2018 maji yakaingia depo na huduma ikasimama. Jambo hilo halikuwa ajali, kwani bonde lilikuwa limeshatuonyesha maji yake yanafika wapi.

Hapo ndipo mpanga ratiba anapofungwa mikono. Barabara ikikatika kati ya vituo vya Fire na Magomeni Mapipa, dawa inajulikana: unaigawa huduma vipande viwili, Kimara hadi Magomeni upande wa juu, Fire hadi Kivukoni na Gerezani upande wa mjini. Abiria atateseka katikati, lakini wa Manzese atafika Ubungo na wa Posta atafika Kariakoo. Dawa hiyo inataka mabasi yawe yamelala pande zote mbili za mto kabla maji hayajapanda. Yakiwa bondeni yote, jiji linapoteza barabara na mabasi katika usiku mmoja. Na maji yakikauka, kuosha matope hakutoshi. Yakishafika sakafuni yanaingia kwenye nyaya, breki na gia, na basi la mita 18 linaweza kukaa karakana muda mrefu likisubiri kipuri kutoka nje.

Mfumo huu ulipangiwa mabasi 305 ukaanza na 140. Pengo hilo nimelipigia kelele miaka yote na sitachoka. Mwenye nusu ya mabasi hana hata moja la kupoteza, na sisi hayo machache tuliyaweka kwenye mkondo wa maji.

Sikatai kwamba vituo ambavyo sakafu yake iko sawa na mlango wa basi, pamoja na njia ya kulipita basi lililosimama, ni kazi nzuri. Tuzo ya kimataifa ya usafiri ya 2018 ililetwa na mambo hayo. Bado haimfikishi kazini mtu wa Kimara.

Bogotá, ambako mfumo huu uliigwa, walipoanza Desemba 2000 waliweka yadi kwenye vituo vikuu vya mwisho wa njia, pembezoni, ambako watu wanaamkia. Tena hatukuhitaji kufika Kolombia. Dereva wa daladala ya Kimara–Posta alilaza gari karibu na kwake, akalitoa saa 10 alfajiri, likajaa kabla halijafika mbali. Hakuwa na ofisi ya ratiba wala kompyuta, ila alijua kwamba basi hulala karibu na abiria. Kwa basi la kwanza, mwendokasi haujawahi kumfikia.

Awamu ya pili imepata depo Mbagala, na hilo ni sahihi. Sasa mradi wa Bonde la Msimbazi unaleta daraja jipya Jangwani na kuihamisha depo. Daraja litaiokoa barabara, lakini safari tupu ya alfajiri itabaki iwapo mabasi yote yatahamishiwa tena mahali pamoja. Theluthi ya mabasi ya asubuhi, kwa uchache, yalale Kimara, penye pampu ya mafuta na fundi wa zamu ya usiku, na yadi hiyo iwepo kabla depo ya Jangwani haijafungwa.