Sungura wa Watanabe

Mkulima wa mpunga wa Bujonde, karibu na Ziwa Nyasa, hutenga masuke mazuri yawe mbegu. Yoshio Watanabe wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, alichagua kinyume. Mwaka 1973 alikuta sungura dume mwenye kolesteroli nyingi mno, ilhali alikula chakula kile kile cha wenzake. Mtafiti mwingine angemwondoa, asije akaharibu vipimo. Watanabe alimpandisha kwa majike, akawapandisha na watoto wao, akapima damu kizazi hadi kizazi na kubakiza wagonjwa tu. Mwaka 1980 ndipo alipotangaza ukoo mzima wenye maradhi hayo.

Miaka hiyo ndiyo inayonivutia, kwani ilionyesha kuwa maradhi hayo hurithiwa. Sungura wa kawaida ukimlisha kolesteroli, damu yake itajaa. Hao wa Watanabe walizaliwa nayo. Vipokezi vya ini, vinavyopaswa kuizoa kolesteroli kutoka kwenye damu, vilikuwa na hitilafu na vingi havikufika juu ya seli. Kwa binadamu kasoro ya aina hiyo ilifichuliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Mnyama asiyefaa huweza kuizika dawa nzuri. Mtafiti Akira Endo alichunguza kuvu za aina 6,000 hivi hadi akapata kompaktini, dawa ya kupunguza kolesteroli, akawapa panya, na kolesteroli yao haikushuka. Wengi wangefunga daftari. Yeye akawaza: kiini cha yai kimejaa kolesteroli, basi kuku anayetaga huitengeneza kwa wingi. Mwenzake Kitano alikuwa na kuku wa namna hiyo. Walipolishwa dawa, kolesteroli yao ilishuka karibu nusu. (Nadhani wazo hilo la yai lilistahili tuzo yake peke yake.) Mwaka 1978, huko Osaka, kompaktini ikapewa msichana wa miaka 18 aliyerithi kasoro ya kolesteroli kutoka kwa wazazi wote wawili.

Kompaktini haikufika sokoni, ila ndugu yake pravastatini ilifika. Sungura wa Watanabe waliopewa pravastatini walionyesha kwamba mafuta ndani ya mishipa yao yaliongezeka polepole zaidi. Wanyama hao walilipa kwa uhai wao, na hilo lisipambwe.

Kwetu kando ya Ziwa Nyasa tuna bahati ya samaki. Utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1996, uliwakuta wanavijiji wala samaki wa ziwani wakiwa na kolesteroli ya chini kuliko majirani zao wanaokula mimea. Lakini samaki hawezi kurekebisha kipokezi kilichorithiwa kikiwa kibovu. Kama katika ukoo wako watu huanguka kwa moyo wakiwa bado vijana, au mtu ana vinundu vya manjano kwenye kano za visigino, msiseme ni uchawi. Mwombeni daktari apime kolesteroli, watoto nao wakiwemo.