"Walipiga Vizuri": Juu ya Muziki wa Nyuzi na Maneno ya Mhakiki

Katika Kiswahili mtu hupiga ngoma, hupiga fidla, hupiga gitaa, hupiga zeze, na hata hupiga mluzi. Kitenzi hiki ni mtumishi wa kazi nyingi: ndicho hicho hicho kitumikacho kwa pasi, simu, picha, kura na magoti. Mwanasarufi hana ugomvi nacho, kwa kuwa kila lugha ina vitenzi vyake vya namna hii ambavyo huegemea jina lifuatalo ili vipate maana. Lakini mhakiki wa muziki akikitegemea kitenzi hiki peke yake hujinyima chombo cha kazi. Husikiliza jioni nzima, kisha huandika kwamba wanamuziki "walipiga vizuri", na msomaji ambaye hakuwapo hubaki vile vile alivyokuwa kabla ya kusoma.

Ubaya huu hauonekani upesi katika tarabu, kwa sababu tarabu ina maneno. Mhakiki huyachukua maneno hayo, huhesabu mizani, hutazama vina, hufumbua mafumbo, na kazi yake huonekana imetimia. Kuujaribu uhakiki wenyewe kwataka muziki ambao hauna shairi la kujifichia. Mfano mmoja ufaao watoka mbali, nchini Marekani: ni ule utatu wa Byron Berline wa fidla, Dan Crary wa gitaa na John Hickman wa banjo, ambao sahani zao zilitolewa mwaka 1981, 1984 na 1986. Waliimba mara kwa mara, lakini sehemu kubwa ya sifa yao ilitokana na nyimbo zisizo maneno, zilizochezwa kwa ala za mbao na nyuzi zisizohitaji umeme ili zitoe sauti. Muziki wao ni wa ukoo wa bluegrass, ambao ulipata umbo lake katika kundi la Bill Monroe katika miaka ya 1940. Na Berline mwenyewe alikuwa katika kundi hilo mwaka 1967.

Kwanza yafaa kutazama vitendo vyenyewe. Fidla husuguliwa kwa uta, na maadamu uta wavutwa sauti haikatiki. Yaweza kuanza kwa unyonge, ikavimba, ikapungua tena, kama pumzi ya msemaji. Banjo hudonolewa kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, na sauti yake hufa karibu mara tu izaliwapo, kwa kuwa nyuzi zake zimekalia utando uliowambwa kama ngoma. Gitaa la Crary hukwanyuliwa kwa kipande kidogo kigumu kishikwacho kati ya kidole gumba na cha shahada; sauti yake hudumu zaidi ya ile ya banjo, wala haifikii ile ya fidla. Basi hapa pana vitendo vitatu na maisha matatu ya sauti: iendeleayo, ififiayo polepole, na ifayo papo hapo. Mwandishi asemaye kwamba wote watatu "walipiga" amezifuta tofauti hizi tatu kwa neno moja.

Tofauti hizo ndizo msingi wa sanaa yao. Kwa kuwa sauti ya banjo haidumu, mpigaji hana budi kuijaza nafasi kwa wingi wa sauti fupi zifuatanazo bila kukoma. Uzi wa tano wa banjo, mfupi kuliko wenziwe, hubaki katika sauti yake ya juu na kurudiwa rudiwa na kidole gumba, kama kituo kirudicho katika kila ubeti. Ala hii asili yake ni ya watu wa Afrika ya Magharibi waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari, na sifa hizi mbili, utando na uzi mfupi, ni alama za asili hiyo. Fidla, kinyume chake, yaweza kutulia juu ya sauti moja na kuiacha banjo ikimbie chini yake. Ala moja hukopa kwa nyingine kile isichonacho.

Berline aliurithi mtindo wake kwa baba yake, mkulima na mpigaji fidla, katika nchi ya mpakani mwa Kansas na Oklahoma. Ni mtindo wa mashindano, na kanuni yake ni kwamba fungu la wimbo lisirudiwe kama lilivyokuwa: kila mara lirudipo hupambwa upya, ilhali msikilizaji aendelea kulitambua. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kuielewa kanuni hii. Mtungaji wa tarbia aliyejifunga kwa kituo kimoja hufanya kazi iyo hiyo: kituo hakibadiliki, na ustadi wa mtungaji hupimwa kwa njia mbalimbali anazozipata za kukifikia. Crary naye ni mmoja wa waliolitoa gitaa katika kazi ya kusindikiza tu na kulipa nyimbo za fidla lizieleze lenyewe. Si jambo dogo kwamba mtu huyu alikuwa pia mwalimu wa chuo kikuu huko Fullerton, California, akifundisha taaluma ya usemi. Gitaa lake lina tabia ya msemaji aliyefunzwa: kila neno hutamkwa kamili, hakuna silabi imezwayo.

Watatu hawa husema kwa zamu. Mmoja huushika wimbo, wawili humwekea uwanja. Kisha zamu hupita kwa mwingine. Lakini zamu hii si mgawanyo wa dakika tu. Mwenye kupokea hutakiwa ajibu lile lililotangulia: akilirudia jinsi lilivyo, ameonyesha kwamba hana la kusema, akiliacha kabisa, ameonyesha kwamba hakusikiliza. Ndiyo sheria ya kujibizana kwa mashairi, ambapo mjibu hulishika neno la mwenziwe na kuligeuza. Kwa hiyo muziki huu usio maneno waweza kuhakikiwa kwa maswali ambayo wajuzi wa ushairi wa Kiswahili wameyazoea tangu zamani: nani alianza, nani alijibu, jibu lilishika wapi, na fundo lilifunguliwa au liliachwa.

Hapa pana kasoro ya kusemwa. Utatu huu haukuwa na besi. Fidla ikiongoza, gitaa hulichukua jukumu hilo kwa nyuzi zake nene, na nyumba husimama. Lakini gitaa linapopata zamu yake ya kuongoza, nguzo hiyo huondoka, na msikilizaji huachiwa sauti za juu tupu. Wako watakaosema kwamba uwazi huo ni uzuri, kwa kuwa masikio huujaza wenyewe. Na katika nyimbo za mwendo wa haraka hoja yao ina nguvu. Katika nyimbo za taratibu haina nguvu hiyo: pale uwazi husikika kama mshairi aliyepungukiwa na mizani akategemea hisani ya msomaji. Wenyewe yaelekea waliliona jambo hili, kwa maana sahani yao ya mwaka 1989, aliyoingia Steve Spurgin, ilipewa jina *Now They Are Four*, yaani sasa wamekuwa wanne. Na Spurgin ndiye aliyekuja na besi. Kundi lilipata uthabiti, lakini lilipoteza kitu pia. Wanne wenye besi hawalazimiki kusikilizana kwa hofu ile ile ya watatu wasio nayo.

Habari ya besi yahusiana na habari ya mahali. Muziki usio umeme haujitengi na chumba uchezewamo. Kuta na sakafu ni sehemu ya ala. Berline alilijua jambo hili kwa njia ya ajabu. Mwaka 1969, kundi la Rolling Stones lilipomwita Los Angeles aitie fidla yake katika wimbo wao *Country Honk*, alitolewa nje ya studio akachezea kando ya barabara, na honi ya gari yasikika katika sahani hiyo mpaka leo. Fidla iliyonaswa barabarani hubeba barabara ndani yake.

Miaka mingi baadaye alichagua mahali pake mwenyewe. Mwaka 1995 alirudi Oklahoma, akafungua duka la fidla katika mji wa Guthrie, ambao uliwahi kuwa makao makuu ya jimbo hilo mpaka mwaka 1910. Chini palikuwa na duka, na ghorofani ukumbi wa muziki, ambamo yeye na kundi lake, na Hickman mmojawapo, walikuwa wakiwachezea watu. Duka liliitwa Double Stop, jina ambalo kwa mgeni wa lugha ya wapiga fidla lafanana na amri ya kusimama mara mbili. Maana yake ni nyingine: ni kuzibana nyuzi mbili kwa vidole na kuzivutia uta kwa pamoja, hata ala moja itoe sauti mbili. Kiswahili hakina jina lililozoeleka la kitendo hiki, lakini kina *kubana* na kina *uzi*, na hakuna kizuizi cha kusema *kubana nyuzi mbili*. Istilahi nyingi zidhaniwazo kuwa hazipo hupatikana namna hii, kwa kukitazama kitendo badala ya kulitafsiri jina.

Duka la ala ni mahali pa pekee pa kusikilizia. Katika jumba kubwa la muziki ala ni ile moja iliyo mikononi mwa mchezaji. Katika jengo lenye duka, msikilizaji hupita kwanza kati ya ala zilizonyamaza, kila moja na bei yake. Kisha huketi karibu kiasi cha kusikia kidole kikiteleza juu ya uzi na uta ukigusa kabla ya sauti kutoka. Makosa hayana pa kujificha. Huu ndio ubora wa mahali hapo, na hapo hapo pana hatari yake. Ala iliyochezwa dukani ni ala iliyotangazwa pia. Mchezaji hushawishika kuonyesha ni mbio kiasi gani ala yaweza kukimbizwa, na wimbo hugeuka kuwa sampuli ya bidhaa. Mtindo wa mashindano, ambao umekwisha kuizoeza mikono kutafuta makofi, huizidisha hatari hiyo. Kipimo cha haki kwa wachezaji wa namna hii ni wimbo wa taratibu: aliye na la kusema hulisema hata asipokimbia.

Februari 2019 moto uliliteketeza duka hilo pamoja na ala nyingi zilizokuwamo. Biashara ilianzishwa tena mjini humo, lakini Hickman alifariki mwaka 2021, na Berline akamfuata Julai mwaka uo huo. Mbao hazirudi, wala mikono hairudi. Zimebaki sahani, na sahani ni hazina kubwa. Lakini sahani huhifadhi sauti bila kueleza nini kilichosikilizwa ndani yake. Kazi hiyo ni ya maneno. Juu ya ala iliyoungua, yule aliyeandika kwamba ilipigwa vizuri hakuacha ushahidi wowote wa jinsi ilivyokuwa ikisema.

Hasara hii si ya Oklahoma tu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kunaswa sauti yake katika santuri, hakwenda peke yake. Walikuwapo wapigaji wa nyuzi. Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert umemhifadhi mwimbaji kwa heshima anayostahili, na maneno ya nyimbo zake yamechunguzwa na wengi. Majina ya Subeti bin Ambari na Mbaruku Effandi Talsam yanajulikana. Lakini jinsi nyuzi zao zilivyoujibu wimbo, wapi ziliutangulia na wapi ziliusubiri, ni jambo ambalo uhakiki wa Kiswahili haukulipa nafasi ya kadiri hiyo. Mombasa nako palikuwa na duka, Assanand & Sons, lililotoa sahani za tarabu kwa chapa yake ya Mzuri, na kwa njia hiyo duka la biashara likawa ghala la sanaa ya pwani. Sahani hizo zina udi, zina fidla, zina taishokoto. Atakayeziandikia akahesabu vina peke yake atakuwa amesoma nusu ya waraka.

Hapana haja ya kuagiza maneno kutoka nje kwa kazi hii. Kusugua, kukwanyua, kudonoa, kubana, kuvuta, kukatisha, kudakiza, kusubiri, kupokea: yote haya ni Kiswahili cha kila siku, na kila moja laeleza kitendo ambacho *kupiga* hukifunika. Kinachotakiwa ni mhakiki aketi karibu kama aketivyo mtu dukani, asikilize nani ajibu nini, na ayaandike hayo wakati wapigaji wangali hai na ala hazijaungua.