Mitutu Miwili, Shabaha Moja

Mzee hakuifungua. Aliilaza juu ya blanketi, akavaa miwani, akaanza kusoma vichwa vya skrubu.

Mpwa wangu alinitupia jicho. Tulikuwa tumetoka mbali kumletea bunduki ile, .470 ya mitutu miwili, kazi ya Birmingham ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwenye kuuza alikuwa ametupa siku mbili tu. Kijana ndiyo kwanza amepata leseni ya mwindaji bingwa. Hajawahi kumiliki bunduki kubwa, na alichotaka ni mtu wa kuiweka begani na kusema, nzuri, lipa. Mzee anasoma skrubu.

"Njoo uone, mwanangu." Mfuo wa kila skrubu ulikuwa umelala sambamba na mtutu. Hilo halitokei kwa bahati. Fundi huiacha skrubu na kichwa kirefu, akaikaza mpaka mwisho wake, akaangalia mfuo unapaswa kulala wapi, ndipo akaichonga. Moja tu, karibu na vifyatuo, ilikuwa imepita mstari kidogo na kingo za mfuo wake zimetafunika. "Hapa kuna mtu aliingia na bisibisi ya baiskeli," alisema, na nilimwona kijana akianza kuhesabu upya bei.

Wengi wanadhani mitutu miwili ni fahari ya matajiri. Fahari ipo, sikatai, na mpya ya London inaweza kukugharimu nyumba. Lakini nyati aliyejeruhiwa akichomoka kichakani hatua kumi na tano mbele yako, hana subira ya kukungoja uvute komeo na kuingiza risasi nyingine. Bunduki hii ina vifyatuo viwili, na kila mtutu una mtambo na springi zake. Ni bunduki mbili katika kitako kimoja; moja ikigoma, mwenzake hana habari. Risasi yake ina uzito wa gramu 32 hivi na hutoka kwa mwendo unaozidi mita 600 kwa sekunde. Teke lake bega halilisahau upesi.

Teke hilo ndilo linaloua kitako. Mzee aliinua taa, akafuata kwa ukucha pale mbao inapokutana na chuma, akitafuta ufa wa unene wa unywele. Hakuupata. Mbao ni ya mti wa jozi, na namna inavyokumbatia chuma inataka maelezo. Fundi hupaka chuma masizi ya koroboi, akakisukuma ndani ya mbao, akakitoa. Palipobaki doa jeusi ndipo panapogusa, basi hapo hupitisha patasi, akaondoa ganda jembamba kuliko la kitunguu. Anapaka tena, anasukuma tena, siku nzima, siku ya pili, mpaka masizi yaenee kila mahali na lile teke ligawanywe kwa mbao yote. Chuma kwa chuma ni hivyo hivyo, ila hapo patasi humpisha tupa.

Ndiyo maana, ili kujua kama chuma bado kinashikana, Mzee aling'oa mbao ya mbele kabla ya kuitikisa bunduki. "Ukitikisa na mbao yake unajidanganya. Springi yake inaficha uzee." Akaitikisa, sikio karibu. Kimya. Akaweka kipande cha karatasi ya sigara kati ya mitutu na ukuta wa nyuma, akafunga, akavuta, karatasi ikachanika. Kisha akaining'iniza mitutu peke yake kwenye kidole kimoja na kuigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili. Ililia kama kengele ya kanisa la mbali, sauti ikachukua muda kufa. Lehemu inayoiunganisha ingekuwa imeachia mahali fulani, ingeitika kama sufuria iliyopasuka.

Lehemu hiyo ndiyo roho ya kazi nzima. Mtu angedhani mitutu miwili inalazwa sambamba, basi. Ingekuwa hivyo ungepiga tembo mmoja ukamtisha mwingine. Mtutu wa kulia ukilipuka, bunduki huruka juu na kulia kabla risasi haijatoka mdomoni. Wa kushoto huivuta kushoto. Kwa hiyo mitutu hulazwa ikielekeana kidogo, na kiasi cha huko kuelekeana hupatikana kwa kupiga. Fundi hupiga kulia na kushoto, akaitazama karatasi ya shabaha, akapasha midomo ya mitutu moto mpaka lehemu ilainike, akagonga kabari iliyo katikati, akaiacha ipoe, akapiga tena. Anaweza kurudia hivyo mara nyingi sana kabla risasi zote hazijakubali kukaa pamoja. Anafanya yote hayo kwa aina moja tu ya risasi.

Aina hiyo imeandikwa. Chini ya mitutu, mahali ambapo mnunuzi mwenye haraka hafiki, palikuwa na mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813, na pembeni yake: CORDITE 75-500 MAX. Nafaka 75 za baruti ya kordaiti, karibu gramu tano, nyuma ya risasi ya nafaka 500. Mzee alipitisha kidole gumba juu ya herufi. Zilikuwa na kina, hakuna msasa uliopita. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza, maana adui wake mkubwa si kutu bali watu wa kung'arisha. Ndani ya mtutu wa kushoto kulikuwa na vishimo vichache, alama za chumvi ya fataki za zamani; kuna siku mtu alilala bila kuuosha kwa maji ya moto. Hakujali sana. "Hivyo ni vya kazi," alisema.

Polisi na karatasi zao ni habari nyingine, zinahitaji moyo wa peke yake. Siku ya pili, kwa ruhusa ya mwenye mali, tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha. Kijana alipiga kulia, akapiga kushoto. Mashimo yaliachana kwa shubiri nzima, la kulia kulia, la kushoto kushoto, na uso wake ukaanguka.

Mzee aliokota ganda, akalisoma kitakoni kama alivyosoma skrubu. "Hizi zinakwenda polepole kuliko ilizozoea. Inageuka sana kabla hazijatoka." Akafungua kasha jingine, la kiwanda tofauti, lililotengenezwa kufuata mwendo wa zamani. Kijana akanyoosha mkono. Mzee akamnyima, akagusa mitutu kwa mgongo wa kiganja.

"Bado ina moto," alisema, akatumiminia chai kutoka kwenye chupa.