Heshima ya Keki ya Kilo Tano

Katika karatasi ya bajeti ya harusi ya Dar es Salaam, keki huandikwa mbali kidogo na kichwa cha ukurasa. Juu kuna ukumbi, chakula na vinywaji; kisha mapambo, MC, muziki, picha na video, magari. Keki hufuata baada ya hayo, na michango ikisuasua ndiyo hukatwa mwanzo, kwa kuwa mwenyekiti wa kamati anaamini hakuna mgeni aliyewahi kurudi nyumbani akinung'unika kwamba keki ilikuwa fupi. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni namna anavyoikata. Anampigia fundi simu na kusema, "Dada, tupunguzie," kana kwamba wanapatana bei ya fungu la nyanya.

Fundi anayeijua kazi yake hajibu kwa kutaja bei nyingine. Anauliza. Mna wageni wangapi? Ukumbi una kiyoyozi, au ni bustani? Keki itakatwa saa ngapi? Wazazi wa pande zote mbili watakabidhiwa keki zao? Mwenyekiti huona maswali yanamchelewesha, naye alitaka namba moja tu ya kuandika kwenye karatasi. Kumbe namba hiyo imo ndani ya maswali hayo hayo, na mara nyingi ni ndogo kuliko ile aliyokuwa akiiogopa.

Tuanze na wageni, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Picha zinazozunguka kwenye simu zetu zimetoka katika nchi ambako kila mgeni huwekewa kipande chake kwenye sahani, na uma pembeni. Kwetu haiko hivyo. Bwana na bibi harusi wakishakata na kulishana, keki hupelekwa nyuma, ikachongwa vipande vidogo vya mraba, kila kimoja kikachomekwa kijiti cha meno, halafu sinia zikazungushwa meza kwa meza. Kipande chetu ni cha inchi moja hivi kila upande. Sasa piga hesabu: keki ya duara yenye upana wa inchi 10 na kimo cha inchi 4 ina ujazo wa inchi za ujazo 314. Toa kingo zilizovunjika, toa zile za kulishana na za mjomba anayeomba mara mbili, bado utabaki na vipande zaidi ya 200. Keki hiyo moja, ya kilo tatu hivi, inatosha ukumbi mzima ambao kamati ilikuwa imeuagizia mnara wa ghorofa tano.

Upana nao una siri ambayo wateja wengi hawaifikirii. Keki ya inchi 8 na ya inchi 10 zikiwekwa pamoja, jicho huona tofauti ya vidole viwili. Kisu huona tofauti kubwa zaidi: ya inchi 10 ina keki zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya inchi 8, kimo kikiwa sawa. Kwa hiyo anayeongeza upana kidogo analisha watu wengi, na anayeongeza ghorofa juu kabisa, ile ndogo ya inchi 6, analisha zaidi macho ya kamera. Macho ya kamera nayo yana haki yake, sikatai. Harusi ni sherehe. Ila tujue tunalipia nini.

Ndiyo maana simcheki fundi anayependekeza dami, yaani ghorofa ya povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi, likavikwa urembo sawasawa na keki ya kweli. Wapo wanaoona hiyo ni aibu, wakinong'ona mezani kwamba "ile ya katikati ni bandia." Keki nyeupe ya ghorofa ilitujia kwa njia ya Waingereza, basi na tuwaulize wao. Binti mkubwa wa Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1858, keki yenyewe ilikuwa ghorofa ya chini tu. Zilizokuwa juu yake zilikuwa sanamu za sukari. Na vita vilipobana mwaka 1940, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kuvika keki sukari, na maharusi wakawa wanakodi mifuniko ya karatasi ngumu au plasta iliyonakshiwa, wanaifunika keki ndogo ya nyumbani, wanapiga picha, kisha mfuniko unarudishwa kwa mwokaji kwa ajili ya harusi ya Jumamosi inayofuata. Hakuna ndoa iliyovunjika kwa sababu hiyo. Sharti langu kwa dami ni moja: fundi awaambie maharusi mapema ni ghorofa ipi yenye keki, wasije wakazamisha kisu kwenye povu mbele ya wakwe.

Lakini dami ni njia ya mkato, na ufundi ninaotaka kuusifu hauko hapo. Uko jikoni, alfajiri ya Ijumaa, uani kwa mwanamke ambaye hana duka wala bango, ana sufuria, jiko la mkaa na oveni ya umeme anayoiamini nusu.

Keki ya kawaida ya mafundi hawa ni hesabu ya zamani na nyepesi kuikumbuka: unga nusu kilo, siagi nusu kilo, sukari nusu kilo, mayai 10, ambayo bila maganda nayo hufika karibu nusu kilo. Kila kitu kinajulikana, hakuna siri ya familia. Tofauti huja katika mkono. Siagi na sukari hupigwa pamoja hadi rangi ya njano ipauke, kwa sababu chembe za sukari zinapokwaruza siagi huingiza viputo vya hewa, na ni viputo hivyo vitakavyotanuka motoni na kuinua keki. Bekingi pauda husaidia tu kukuza viputo vilivyokwisha kuwepo. Aliyechoka kupiga mapema na kufidia kwa kijiko cha ziada cha pauda hujulikana: keki yake hupanda haraka, huzama katikati, na huacha ladha ya sabuni ulimini. Kisha mayai, moja baada ya jingine, yasiwe ya baridi, maana ukiyamwaga yote kwa pamoja mchanganyiko hukatika, maji yakaenda zake na mafuta yakaenda zake. Unga ukiingia, mkono ulioanza kwa nguvu sharti uwe mpole. Unga wa ngano ukikorogwa sana hujenga utando unaovutika, mzuri kwa chapati na mbaya kwa keki.

Halafu moto. Umeme ukikatika keki ikiwa ndani, fundi wa dukani hupiga simu. Huyu wa uani huwasha mkaa. Huweka mchanga au mawe madogo ndani ya sufuria kubwa, hupandisha bati la keki juu yake, hufunika, na kupalia makaa juu ya mfuniko, machache chini, mengi juu, kwa kipimo ambacho hakijaandikwa kwenye kipimajoto chochote. Anasogeza kiganja karibu na mfuniko, anahesabu kimoyomoyo, anapunguza kaa moja. Ujuzi huu haukuja na keki za harusi. Wanawake wa pwani wamekuwa wakiupika mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini tangu enzi za bibi zao, na mkate wa mayai, wenye mayai, sukari, unga na harufu ya iliki, una undugu wa karibu sana na sponji wanayoiita ya Kizungu. Nikila keki nyepesi iliyookwa vizuri Temeke au Ng'ambo, Unguja, huwa naona imefika hapo kwa njia mbili, na ile ya pwani haipewi sifa yake.

Iliki, kwa kweli, ingestahili kurudi kwenye keki za harusi. Inalimwa kwetu, katika milima ya Usambara Mashariki. Machungwa ya Muheza yana maganda yenye harufu kuliko chupa yoyote ya vanila ya bandia, na ganda lenyewe lingetupwa. Fundi aliyebanwa na bajeti akikwangua maganda ya machungwa manne ndani ya keki, na kutwanga iliki kijiko kimoja, ameongeza gharama kidogo sana, na wageni wataulizana kimewekwa nini humo. Keki ya matunda makavu ni tamu na hukaa muda mrefu, lakini ni ghali, na wageni wetu wengi huchokoa zabibu wakaziacha kwenye kitambaa cha meza. Ilipiwe na wenye nafasi.

Adui mkubwa wa fundi wetu ni joto. Siagi ya maziwa huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na mchana wa Februari hapa Dar hufika nyuzi 32 bila jitihada. Krimu ya siagi halisi iliyofika bustanini saa kumi jioni, ikisubiri MC aitaje saa tatu usiku, itakuwa imeteremka yenyewe mezani kabla ya maharusi kuingia. Fondanti huvumilia joto, lakini nayo hunywa unyevu wa pwani, na ikitolewa kwenye friji hutokwa jasho mbele za watu. Tena ni nzito: kuivika ile keki yetu ya inchi 10 huhitaji karibu kilo nzima. Hapa mnunuzi afungue macho, maana keki zetu huuzwa kwa kilo. Ulizeni kabla ya kukubaliana kama kilo mnazolipia ni za keki au ni pamoja na vazi lake, kwa sababu fondanti hiyo wageni wengi huibandua na kuiacha pembeni.

Fundi mwenye akili hupita katikati. Hupaka krimu iliyochanganywa na mafuta magumu yanayostahimili joto, tabaka jembamba kwanza la kushika makombo, halafu la pili la kuonekana. Mtazameni anapolilaza. Keki iko juu ya kisahani cha kuzunguka, mkono wa kushoto unazungusha, wa kulia umesimamisha bapa la chuma bila kutikisika, na ukuta unanyooka wenyewe, mweupe, bila alama ya mahali bapa lilipoanzia wala lilipoishia. Hakuna ua, hakuna shanga, hakuna dhahabu ya bandia. Ukuta mtupu ulionyooka ndio mtihani mgumu kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa hauna pa kufichia kosa. Mawaridi ya sukari 40 huficha mengi. Basi maharusi wenye fedha kidogo wakiambiwa "tutafanya ya kawaida tu," wasisononeke. Wajue wamemtaka fundi aonyeshe mkono wake ukiwa uchi.

Maua mabichi machache yanatosha juu yake. Yasiwe ya sumu, na ya dukani hupuliziwa dawa, hivyo mashina yafungwe kabla ya kuchomekwa.

Na wazazi? Hapa sikubali mkasi upite. Bwana na bibi harusi wakipiga magoti kumkabidhi mama keki, ukumbi wote husimama, shangazi huanza vigelegele, na sauti ya MC kwa mara ya kwanza usiku ule hupungua. Keki mbili za kilo moja moja, moja kwa kila upande, safi, zenye majina yaliyoandikwa bila makosa. Ukijumlisha na ile ya kilo tatu unapata kilo tano, na kwa kilo tano harusi ya watu 200 imekamilika. Wachaga watasema nimesahau ndafu. Sijasahau. Mbuzi mzima aliyebanikwa, akaletwa ukumbini na majani mdomoni, akakatwa kwa heshima zote za keki, ananishinda kwa hoja ya utamu. Kwa hoja ya bajeti hanishindi.

Namna ya kumpata fundi kama huyu haihitaji mitandao mingi. Nunua kwake keki ya nusu kilo, ya kawaida kabisa, wiki kadhaa kabla. Ikate usiku ule, ionje, kisha acha kipande kilale kimefunikwa na ukionje tena kesho yake, kwa sababu keki ya harusi ya Jumamosi huokwa Alhamisi au Ijumaa, na inayokauka kwa usiku mmoja haitufai. Mwulize anavyosafirisha. Akisema keki hukaa sakafuni mwa gari, mahali palipo bapa, ghorofa zikiwa zimeshikiliwa kwa vijiti ndani na nyingine zikipangwa hukohuko ukumbini, umempata. Akisema mtu ataipakata kwenye bajaji, shukuru na uende zako.

Ukishampata, usimshushe bei hadi aguse mayai na siagi. Punguza ghorofa, punguza maua, acha fondanti, badilisha saa ya kuifikisha. Hivyo ndivyo vinavyopungua bila kuharibu. Mayai yakipungua, kila mtu ukumbini atajua, na lawama itamwangukia yeye peke yake.

Na jambo la mwisho kwa waheshimiwa wa kamati. Harusi nyingi huisha fundi wa keki akiwa anadai. Mweka hazina hazipokei tena simu zake, na bado wiki mbili baadaye fedha za kuvunja kamati hupatikana, mbuzi akachomwa na kreti zikapangwa. Mlipeni salio lake kabla keki haijatoka mlangoni kwake.