Wapangaji Wawili, Chumba Kimoja

Ubavuni mwa kompyuta mpakato nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 kuna kidirisha cha rangi ya damu ya mzee, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Wanaozinunua leo kwenye maduka ya mitumba hukidhani pambo. Waliokuwa na simu za Nokia wakati ule wanakikumbuka: simu mbili zinalazwa mezani vichwa vikitazamana, watu wanazuia pumzi, na mlio unahama kutoka simu hii kwenda ile pasipo waya na pasipo senti. Hiyo ndiyo infraredi, na kidirisha kile ni jicho na mdomo wake.

Kazi yangu ni kutafuta hitilafu za kompyuta. Nimeifanya miaka mingi, na kama ningetakiwa kuchagua kisa kimoja cha kumwonyesha mtu uzuri wake, ningechagua kidirisha hicho, katika mashine ya Linux, kijijini Utende, kisiwani Mafia.

Utende inatazamana na Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Wapo vijana pale ambao ofisi yao iko chini ya maji: huwaongoza wageni kwenye matumbawe, asubuhi na alasiri. Mmoja wao alinifuata barazani nilikofikia. Mkononi alivaa kompyuta ya kuzamia aina ya Uwatec Smart, chombo kinachofanana na saa na kinachoandika kina, muda na joto la maji katika kila mbizi. Kwapani alibeba kompyuta mpakato kuukuu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Nimeambiwa infraredi ya mashine hii imekufa."

"Nani kakwambia?"

"Kila niliyemwonyesha."

Daftari lake la mbizi lilikuwa limelowa mashuani mpaka wino ukageuka ukungu. Kumbukumbu pekee iliyosalia ilikuwa ndani ya saa, na saa ile haina tundu la waya. Huzungumza kwa infraredi tu. Mtu anayetaka kuthibitisha kwa mwajiri kwamba amezama na lini amezama, bila kumbukumbu hizo ana maneno matupu.

Neno "imekufa" ndilo adui wa kwanza wa kazi hii. Linafunga shauri kabla shahidi hajaitwa. Kwa hiyo sikuigusa bisibisi. Niliiwasha mashine, nikaiamuru ipakie draiva ya infraredi, nikasoma ilichoandika. Iliandika kwamba kifaa au rasilimali iliyoombwa inatumika. Nilisoma tena polepole. Maiti hasemi kwamba ana shughuli. Kulikuwa na mtu ndani.

Ili kuelewa ni nani, inabidi kurudi nyuma. Katika ukoo wa kompyuta ulioanza na IBM PC mwaka 1981, vifaa vya kale vina vyumba vyao vyenye namba. Poti ya mfululizo ya kwanza, ile inayopitisha biti moja nyuma ya nyingine, hukaa 0x3f8. Ya pili hukaa 0x2f8. Kila moja ina kengele ya kumwita prosesa: ya kwanza hupiga kengele namba 4, ya pili namba 3. Waundaji wa kompyuta mpakato walipotaka kuingiza infraredi hawakuijengea nyumba mpya. Waliipa chumba cha poti ya pili, wakaifundisha chipu yake kujibu kama poti ya kawaida endapo itaulizwa kwa lugha ya poti. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu programu za zamani ziliweza kuitumia bila hata kujua kwamba waya haupo.

Sasa tazama Linux inapoamka. Draiva ya poti za mfululizo ni mwenyeji wa siku nyingi. Huamka mapema na kupita ikibisha hodi kwenye kila anwani inayoijua. Inabisha 0x2f8. Chipu inaitika kwa adabu zote za poti aina ya 16550A. Draiva inaridhika, inakipa chumba jina la ttyS1, na kujiandikia anwani nane, 2f8 mpaka 2ff. Baadaye anakuja mpangaji ambaye chumba kilitengwa kwa ajili yake, draiva ya infraredi, ambayo katika mashine ile iliitwa smsc-ircc2. Anaomba anwani zilezile nane. Kiini cha Linux, mwenye nyumba, kinafungua daftari, kinakuta jina la mwingine, kinakataa.

Hapo ndipo moyo wangu hulainika kwa kazi hii. Tafuta mkosaji katika kisa hicho, hutampata. Draiva ya mfululizo ilibisha hodi, ikaitikiwa, ikaingia. Draiva ya infraredi iliomba haki yake. Mwenye nyumba alifuata sheria ambayo bila yake wapangaji wawili wangeandika kwenye rejista moja kwa wakati mmoja na mashine ingeganda. Hata chipu haikusema uongo. Iliulizwa kama ni poti, nayo ni poti. Watu wanne wema wamekutana mlangoni na mlango haufunguki. Fundi anayeingia hapo akitafuta wa kumpiga ataharibu. Anayetakiwa ni msuluhishi, wa aina ya wale wazee wanaosikiliza barazani mpaka wajue nani alifika lini na kwa idhini ya nani.

Na msuluhishi wa Linux amejaliwa kitu ambacho mafundi wa mifumo mingi hukikosa: daftari la mwenye nyumba liko wazi. Ukisoma faili la /proc/ioports utaona kila anwani na anayeishikilia. Ukisoma /proc/interrupts utaona kila kengele imepigwa mara ngapi tangu mashine iamke. Huhitaji kibali cha kampuni. Katika mashine ya yule kijana mstari wa 02f8-02ff ulikuwa na neno moja mbele yake: serial. Nilimwonyesha kwa kidole. Alikaa akautazama, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwonyesha mstari huo kabla.

Waliotangulia walikuwa wamejaribu dawa, na dawa zao zilikuwa zimelala ndani ya mashine bado. Mmoja alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya BIOS akaizima poti ya pili, akidhani anamfukuza mvamizi. Alizima chumba chenyewe, na infraredi ikazimika pamoja nacho, kwa kuwa chumba ni kimoja. Baadaye mwingine akaiwasha tena bila kusema. Kwenye faili la maagizo ya moduli nilikuta mistari ya draiva nyingine, nsc-ircc, yenye dongle_id=0x09. Hiyo ni tiba halali. Imeponya ThinkPad kadhaa zenye chipu ya National Semiconductor. Mashine hii haikuwa na chipu hiyo. Dawa ya jirani ilinywewa bila kumuuliza jirani alikuwa anaumwa nini.

Niliiondoa mistari hiyo mmoja baada ya mwingine, nikiwasha mashine upya kila mara na kuandika kwenye karatasi nilichokiona. Huu ndio utaratibu unaowachosha vijana wanaojifunza kwangu, na sikubali kuulegeza. Ukibadilisha vitu viwili kwa mkupuo mashine ikapona, umepata mashine nzima na hukupata elimu yoyote. Kesho ikiugua tena utaanza upya, ukiwa mjinga uleule.

Tiba yenyewe ilikuwa mstari mmoja: setserial /dev/ttyS1 uart none. Kwa Kiswahili cha nyumba za kupanga: bwana, hapa si kwako, toa vyombo. Draiva ya mfululizo haikugoma. Iliachia anwani zote nane. Nikaipakia tena smsc-ircc2. Haikujibu kitu, na hapo kimya ni kibali. Nilifungua daftari la mwenye nyumba, jina mbele ya 02f8-02ff lilikuwa limebadilika.

Kazi haikuishia hapo. Niliiamsha infraredi kwa amri ya irattach, nikafungua irdadump, programu inayoonyesha kila neno linalotoka na kuingia kidirishani. Sheria za mazungumzo hayo ziliwekwa na Infrared Data Association, chama kilichoundwa mwaka 1993, na zina ustaarabu wake. Salamu hutolewa kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, hata kama wazungumzaji wote wawili wana uwezo wa kwenda milioni 4, ili mwenye kasi ndogo asiachwe nje. Kila mlio mfupi wa mwanga huchukua 3/16 tu ya muda wa biti moja, ili kubana matumizi ya betri. Mwitaji huita kwa zamu sita, akinyamaza kidogo kila zamu ampe nafasi aliyeko karibu kuitika. Kwenye kioo niliona miito ikitoka, xid:cmd, xid:cmd, zamu baada ya zamu. Jibu, ambalo lingeandikwa xid:rsp, halikuonekana hata moja.

Kijana alishusha mabega. Mimi nilifurahi, maana swali lilikuwa limekuwa dogo. Nilichukua simu, nikawasha kamera ya mbele, nikailenga kidirishani. Kamera nyingi huona kidogo ya kile ambacho jicho letu halioni, na pale kwenye kioo cha simu kulikuwa na nukta ya zambarau ikipepesa. Akaishika simu mwenyewe, akatazama, akatabasamu. Mdomo ulikuwa mzima. Idadi ya kengele namba 3 ilikuwa ikipanda, kwa hiyo chipu na kiini walikuwa wanasikilizana. Lililobaki ni sikio.

Tulikuwa barazani, saa kumi alasiri, jua la Mafia likitupiga ubavuni.

Mwaka 1800 William Herschel, mwanaastronomia aliyeishi Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo akapima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje kabisa ya nyekundu, mahali pasipo na rangi, ndicho kilichopanda zaidi. Jua limejaa mwanga huu usioonekana. Tulikuwa tumeitaka saa ya mkononi inong'one katikati ya ngoma. Tukahamia chumbani, dirisha tukalifunika kwa kanga, tukaweka saa umbali wa kiganja kutoka kidirishani, zikitazamana sawasawa, kwa kuwa mwanga huo hutawanyika nyuzi 15 tu kila upande. Zamu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kisha xid:rsp, na mbele yake jina la saa kwa herufi za kusomeka.

Mbizi zilianza kushuka moja moja ndani ya Subsurface, programu ya daftari la wazamiaji ambayo Linus Torvalds, yuleyule aliyeanzisha Linux mwaka 1991, aliianza mwaka 2011 kwa sababu naye huzama. Kila mbizi ilijichora kama bonde: inashuka, inatambaa, inapanda, inasimama kidogo karibu na uso wa maji kuipa damu nafasi ya kutoa nitrojeni. Kijana alizitambua kwa umbo. Hii ni ya kasa wawili. Hii mkondo ulitupeleka mbali na mashua. Aliyepoteza daftari alikuwa analisoma upya kwenye kioo.

Nawafikiria mara nyingi walioiwezesha jioni ile. Dag Brattli wa Chuo Kikuu cha Tromsø, Norwei, aliyeanzisha kazi ya kuiingiza infraredi ndani ya Linux. Jean Tourrilhes, aliyeilea baada yake. Werner Heuser, aliyeandika mwongozo wa infraredi kwa Linux na kuwaelekeza watu wasiomjua. Huenda hawakuwahi kusikia jina la Utende. Waliandika jumbe za makosa zinazosema ukweli, wakaacha milango ya uchunguzi wazi, wakaweka vipimo ambavyo mtu mwingine angeweza kuvisoma miaka mingi baadaye. Nusu ya ustadi wangu ni mali yao. Draiva inayokataa kwa kusema sababu imeshamfanyia fundi kazi ya siku nzima.

Mwezi Novemba 2017, toleo la 4.14 la kiini cha Linux lilizihamishia draiva za infraredi kwenye ua wa kusubiria, na toleo la 4.17, lililotoka Juni 2018, likazifuta kabisa. Siwalaumu walioamua. Programu isiyo na mlezi huoza, na uozo wake huingia kwenye nyumba nzima. Lakini maana yake ni kwamba mashine ya Utende haitakiwi kusasishwa kiini chake tena, na sisi tuliiandika hivyo kwa wino usiofutika kwenye plasta, tukaibandika chini ya kifuniko. Chini yake tuliandika ule mstari wa setserial. Haiunganishwi na intaneti. Kazi yake ni moja.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, ukikutana na kompyuta ya zamani yenye kidirisha cha damu ya mzee ubavuni, na kiini chake ni cha kabla ya 4.17, usiitupe kwenye chuma chakavu. Waulize kwanza wazamiaji wa ufukwe ulio karibu nawe.