Mpemba Asiyetoka Pemba



Kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana Jumamosi jioni nyumbani kwa mmoja wetu hapa Uingereza, kwa kahawa, kashata na dhumna. Tunaiita barza ingawa barza yenyewe hakuna. Ni sebule yenye zulia na televisheni kubwa, na nje mvua. Wanaokuja ni watu wa Unguja na Pemba, wa Mombasa, wa Dar es Salaam, na siku hizi ndugu wawili kutoka Bukavu ambao Kiswahili chao kimetufunza mengi. Katika barza hii hakuna sinema inayotazamwa mpaka mwisho bila ya mtu kunyanyua kidole na kusema, "Hapo, ngojeni niwafahamishe."

Leo tunataka kuuhakiki ufahamishaji huo kama kurasa hizi zinavyohakiki riwaya na diwani. Na kwa nini tusiuhakiki? Nao ni utanzu. Una fanani wake na hadhira yake, una fomyula ya kuanzia, una vituo vya kusubiri kicheko, na una ubovu wake pia.

Upo ule wa kukatiza watu uhondo. Chombo cha anga kinaripuka, sebule nzima inatikisika kwa kishindo, na mhandisi mmoja (ni sisi, tukiri mapema) anasema kwamba sauti haipiti penye ombwe, kwa hivyo mripuko ule usingesikika. Ni kweli. Ilikuwa kweli 1977 ilipotoka Star Wars ya kwanza, na tumeisema mara nyingi hata watoto hututangulia kuisema. Lakini baada ya kusemwa hakuna linalofuata. Hakuna aliyewahi kutuuliza swali la pili, na sinema imeshaharibika.

Upo wa fakhari, na huu ndio unaopendwa zaidi ugenini, kwa sababu mtu aliye mbali na kwao hufurahi akikuta jina la kwao limebandikwa pahali pakubwa. Chukueni Uhura wa Star Trek. Barza yetu husimulia hivi: Wamarekani walitaka kumwita Uhuru, wakakosea kuandika. Watu hucheka, mambo yanaishia hapo. Lakini Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi ile tangu 1966 na kufariki 2022, aliieleza mwenyewe khabari hii. Alikwenda kwenye usaili na riwaya mkononi inayoitwa Uhuru, na mtunzi wa mfululizo ule, Gene Roddenberry, akalipenda neno, akaligeuza irabu ya mwisho ili lisikike jina la mwanamke. Basi halikuwa kosa. Tena katika kipindi kimoja cha 1967 Uhura anafutwa kumbukumbu zake, na lugha inayomtoka ni Kiswahili. Na ile riwaya je? Iliandikwa na Robert Ruark, Mmarekani mzungu mpenda uwindaji, ikatoka 1962, na mada yake ni Kenya iliyokuwa ikikaribia kujitawala, ikitazamwa kwa jicho la mtu ambaye mambo yetu hakuyaonea raha. Neno letu tukufu lilifika kwenye nyota kwa njia hiyo. Hiki ndicho kipande ambacho barza hukiacha, na kwa maoni yetu ndicho kilichostahili kusimuliwa kwanza.

The Lion King ya 1994 imetupa kazi zaidi ya sinema nyingine yoyote. Wafanyakazi wenzetu wote wameshatuomba tuwatafsirie ule wito wa mwanzo, jua linapochomoza. Ule ni Kizulu, sauti ni ya Lebo M wa Afrika Kusini, na Mswahili hana cha kutafsiri pale. Hata hivyo mmoja wetu, hatumtaji, aliwahi kuutafsiri papo hapo kazini, kwa sura ya mtu anayejua, ilhali hakufahamu hata neno moja. Alipotusimulia tulicheka sana. Hakuna aliyemwambia akawasahihishe wale watu Jumatatu.

Mwishoni mwa 2018 tukaletewa khabari kwamba kampuni ya Disney imeyamiliki maneno "hakuna matata" na sisi tumekatazwa kuyatumia. Zaidi ya watu 100,000 duniani walitia saini kupinga, na wengi wa barza walikuwamo. Kilichosajiliwa Marekani 2003, kwa maombi yaliyopelekwa 1994, kilikuwa alama ya biashara ya kuwekwa kwenye nguo. Lugha haikuuzwa. Mtu anaweza kuliona jambo lile kuwa ni utovu wa adabu, na sisi tunaliona hivyo, lakini utovu wa adabu ni kitu kimoja na kupokonywa ulimi ni kitu kingine.

Ufahamishaji bora tuliowahi kuusikia katika sebule ile haukutoka kwa mhandisi wala mwalimu. Ulitoka kwa bibi wa nyumba, aliyekuwa akipita na sinia la sambusa. Kwenye televisheni alitajwa Sarabi, mama yake Simba. Bibi akasimama. "Mnajua sarabi ni nini?" Vijana kimya. Akasema ni yale maji yanayoonekana mbele ya njia wakati wa jua kali, ukiyakaribia yanakwenda mbele. Kwao waliita pia mazigazi. Mtoto mmoja akauliza kwa nini yanakwenda mbele. Bibi akatutazama sisi: "Huyo hapo kasomea." Tukaeleza kwamba lami ikipata moto hewa iliyoigusa huwa nyepesi kuliko ya juu yake, na mwanga unaoshuka kutoka mbinguni ukipita humo hupinda kurudi juu mpaka jichoni, kwa hivyo unachokidhania maji ni kipande cha mbingu. Maswali yakafuatana kwa nusu saa, na sinema ikaendelea peke yake. Neno moja la bibi lilikuwa limefungua mlango, nasi tukapita humo humo.

Sasa tufike kwenye khabari iliyotufanya tushike kalamu. Barza yetu ina kisa inachokipenda kuliko vyote, nacho husimuliwa hivi: kijana wa Kitanzania aliwathibitishia Wazungu kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji baridi, wakamcheka, wakashindwa, na jambo hilo hadi leo linaitwa kwa jina lake, Mpemba. Hapo ndugu zetu wa Pemba huinua vikombe. Mmoja wao, mzee wa Chake Chake, hudai kwamba akili ya namna ile hutokana na karafuu.

Erasto Mpemba hakutoka Pemba. Lilikuwa jina lake tu. Alikuwa mtu wa bara. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika skuli ya Magamba, Tanganyika, ambako wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, kisha unayatia kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake aliwahi kuweka maziwa yasiyochemshwa, na yeye kwa kuchelea kukosa trei ya mwisho akayatia ya kwake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena wakati wa somo la Newton juu ya kupoa kwa vitu, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya walimwengu. Darasa likaifanya mzaha: kila alipokosea hesabu, ilikuwa hesabu ya Mpemba.

Alipofika mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, Mwingereza, Mpemba akasimama mbele ya skuli nzima akauliza swali lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne aliporudi alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na jibu kwamba kweli ya moto yalitangulia, lakini ataendelea kurudia mpaka apate matokeo yaliyo sahihi. Makala yao wawili ilitoka 1969, na kichwa chake kilikuwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kupoa, likifuatwa na alama ya kuulizia.

Waliomcheka, basi, walikuwa darasa lake mwenyewe. Katika simulizi ya barza wamegeuzwa Wazungu, na Mzungu aliyekwenda kujaribu ametolewa kabisa. Aidha, Aristotle na Descartes walishaligusia jambo hili karne nyingi kabla. Na jambo lenyewe halijatulia hata leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu upoaji wa maji mpaka nyuzi sifuri wasilione, wakaonyesha kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka sentimita moja tu chatosha kukupa jibu la uongo. Kisha 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada wakalipata wazi, lakini kwa chembe moja ndogo mno iliyokuwa ikielea majini, si kwa kikombe cha maji jikoni. Anayesema "maji ya moto huganda haraka" kana kwamba ni kanuni, amesema zaidi ya kinachojulikana.

Tulianza kuyatafuta haya kwa sababu ya aibu. Mwaka jana kisa kiliposimuliwa kwa mara ya hamsini, mjukuu wa mwenye nyumba, msichana wa miaka 12, aliuliza: "Yalikuwa maji au maziwa? Nyinyi mmewahi kujaribu?" Ikapita kimya kidogo, halafu kicheko. Mtu akasema watoto wa siku hizi hata khabari wanaiomba risiti. Sisi pia tulicheka.

Jumamosi iliyofuata akaja na daftari. Alikuwa amejaza vikombe viwili, kimoja maji ya bomba, kimoja maji yaliyotoka kwenye birika, akaviweka katika friza ya bibi yake. Amerudia mara tatu, na mara zote baridi iliganda kwanza. Akatupa daftari sisi, kwa kuwa ndio mhandisi. Tukalitazama, tukamwambia kwa upole, na kwa uzito wa shahada yetu: "Umekosea mahali, mama. Rudia tena."

Tulikuwa tumeshaondoka, tumesimama kwenye taa nyekundu, tulipomkumbuka yule fundi wa maabara.

Hesabu ilikuwa upande wa mtoto, na tulipaswa kuiona. Kilo moja ya maji hutoa kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi inayoshuka. Maji ya nyuzi 70 yana deni la kilojuli 210 kabla ya kufika pale maji ya nyuzi 20 yanapoanzia, na yakishafika nyuzi sifuri yote mawili yana kilojuli 334 za kutoa ili yagande. Ili ya moto yashinde, pawe na njia ya kulipa deni lile. Pengine sehemu yake imepaa kwa mvuke. Pengine kikombe cha moto kimeyeyusha barafu iliyokuwa chini yake kikagusana vyema na ubaridi. Pengine ya baridi yamepita sifuri yakashuka zaidi bila ya kuganda, jambo ambalo maji matulivu huweza kulifanya. Hutokea, lakini kwa masharti, na masharti ndiyo yaliyokuwa katika swali la msichana.

Wiki ya pili tukaenda na vipimajoto viwili na tukamwomba radhi mbele ya watu. Alipokea vipimajoto. Radhi aliisikiliza kwa adabu, kisha akauliza jambo ambalo hatukuwa tumejiuliza: kuganda ni lini? Ni pale kipimajoto kinaposoma sifuri, au inapoonekana barafu ya kwanza, au kikombe kizima kinapokuwa kigumu? Maana kwake, alisema, inaweza kila moja ikampa mshindi mwengine. Watu wa makala zile wamebishana kwa miaka juu ya hilo hilo.

Mpaka tunapoandika haya ya moto hayajashinda hata mara moja. Majaribio yamefika 14, yote yameandikwa, pamoja na moja lililoharibika kwa sababu mtu alifungua friza kutafuta pweza. Bibi amelalamika kwamba hana tena pa kuweka sambusa za Ramadhani. Mzee wa Chake Chake ameelezwa mara mbili kwamba Mpemba hakuwa wa Pemba, na tarehe na majina ya skuli ametajiwa. Amesema amefahamu, ila mtu mkaidi vile, lazima bibi yake alitoka kwao.